Kushinda njaa siyo dayati

Washkaji, tuambiane ukweli. Bumu likiingia ni zege kila usiku. Likikata tunashinda njaa, halafu tunajisifu tuko kwenye dayati. Nami nilifanya hivyo wiki mbili. Nilipungua kweli, kisha kizunguzungu kikanidondosha Mtaa wa Msimbazi, katikati ya machinga. Mama ntilie mmoja akanipa uji. Kilo zote zilirudi.

Siku hizi mchana nakula: wali kiasi, maharage, mchicha wa kujaza sahani. Nani kasema mchicha Kariakoo ni ghali? Soda ndiyo ilinitesa kuiacha. Na kutoka geto hadi chuo, Posta, sipandi mwendokasi; nakatiza Mnazi Mmoja kwa miguu. Nafika na jasho, sawa, lakini mkanda nimeutoboa tundu jipya.