Bastola Si Simu, Jamani!

Haya. Leo siandiki kuhusu Linux wala hifadhidata. Leo naandika kuhusu bastola, na wa kukasirika akasirike.

Juzi mjomba wangu alinijia nyumbani. Yeye huuza nafaka kwa jumla pale Kongowea, Mombasa, na hufunga duka jioni akiwa na pesa taslimu. Amewahi kuvamiwa. Baada ya kuchunguzwa na kuhojiwa alipata cheti cha kumiliki silaha, kama Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inavyotaka, kisha akanunua bastola kwa muuzaji mwenye leseni. Nilimwamkia shikamoo. Hata kukaa hakukaa.

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye mtu wa kompyuta. Tazama kisanduku hiki, kinafunguka kwa kidole, sekunde moja tu. Niagizie."

Nikamwuliza, "Na sasa hivi bastola iko wapi, mjomba?"

Akainua shati. Ilikuwa imechomekwa kiunoni, ndani ya suruali, bila ala wala chochote, na risasi imo chemba. Mdomo wa mtutu ulielekea pale ambapo mwanamume yeyote hapendi kuelekezewa hata kijiti.

Basi hoja yangu ni hii, nami naisema wazi: mtu anayebeba bastola ya kujilinda hahitaji elektroniki hata moja. Anahitaji ala nzuri, mshipi imara, kufuli ya chuma na mazoezi mengi ya kuchosha. Na sisi waandishi wa programu, tunaomwuzia alama za vidole na Bluetooth, tunamwuzia utulivu wa bandia.

Nasema hivi kwa sababu mimi mwenyewe nimeshafanya kosa hilo. Miaka kadhaa iliyopita niliandika programu ya mlango wa ofisi moja, wafanyakazi waingie kwa kidole. Niliogopa kwamba umeme ukipotea na orodha ya vidole isipopatikana, watu watakwama nje na simu yangu itapigwa alfajiri. Nikaandika: kama orodha ni tupu, fungua. Jumatatu moja umeme ulipotea, ukarudi, orodha ikawa tupu, na mlango ukamkaribisha kila mpita njia hadi saa nne. Hakuna aliyeumia. Ulikuwa mlango wa ofisi tu.

Sasa weka kosa la aina hiyo kwenye sefu ya bastola.

Oktoba 2023, tume ya Marekani inayosimamia usalama wa bidhaa ilitangaza kurudishwa kwa masefu takriban 61,000 ya Fortress Safe, yanayofunguliwa kwa alama ya kidole. Tume ilikuwa imepokea ripoti 39 za masefu kufunguliwa na vidole ambavyo havikusajiliwa. Ilitaja pia kesi mahakamani iliyodai kwamba mvulana wa miaka 12 alikufa Januari 2022 kwa silaha iliyotoka katika sefu mojawapo. Mapema 2024 zikafuata kampuni nyingine nne zenye tatizo kama hilo, masefu zaidi ya laki moja. Na wanunuzi walishauriwa nini? Waache kutumia kidole, watoe betri, watumie ufunguo. Yaani dawa ya teknolojia ilikuwa kuiondoa teknolojia!

Mjomba ana mjukuu wa miaka minane. Analala chumba cha pili. Mkono wake ni mwepesi kuliko wangu kwenye kila kitu chenye skrini.

Msiniambie basi tatizo ni sefu tu, bastola yenyewe iwe na akili. Hilo nalo limejaribiwa. Kampuni ya Ujerumani, Armatix, ilitengeneza bastola iitwayo iP1, isiyofyatuka mpaka iwe karibu na saa maalumu ya mkononi inayowasiliana nayo kwa redio. Mwaka 2017 mdukuzi anayejiita Plore alionyesha kwamba mawasiliano hayo yanaweza kurefushwa mpaka bastola ifyatuke mbali na saa. Alionyesha pia kwamba yanaweza kuvurugwa mpaka mwenye saa ashindwe kufyatua. Na mwisho, kwa sumaku za kama dola 15, akaifyatua bila saa kabisa. Bastola hiyo iliuzwa kwa zaidi ya dola elfu moja.

Najua jibu lenu. Mtasema mhalifu anaweza kukunyang'anya bastola akakuua nayo. Kweli, hatari hiyo ipo, na mtu asiyeifikiria hastahili kubeba. Lakini tazameni dawa iliyopo. Kuna ala zenye kishikio, ambazo bastola haitoki mpaka mwenyewe aibonyeze kwa namna aliyoizoea. Na kuna kuficha kwa uhakika: asiyejua kwamba unayo hatakunyang'anya. Hakuna betri hapo.

Mtasema pia ufunguo ni wa polepole usiku, mwizi akiwa mlangoni. Sawa. Zipo kufuli za vitufe vya chuma, zinafanya kazi kwa mitambo mitupu, na vidole vyako vinazizoea gizani. Hazina orodha inayoweza kuwa tupu.

Sasa nirudi kiunoni kwa mjomba, maana pale ndipo penye hatari ya kila siku. Bastola nyingi za kisasa zinafuata mtindo wa Glock, iliyobuniwa Austria mwanzoni mwa miaka ya 1980. Hazina kitasa cha nje cha usalama. Usalama mkuu uko kwenye kifyatulio chenyewe: kisipovutwa, haifyatuki. Ni ubunifu mzuri, ila unadai jambo moja. Kitu chochote kisiguse kifyatulio. Bastola isiyo na ala inangoja pindo la shati, kamba ya jaketi, au kidole cha mtu anayeizuia isiteleze kuingia kwenye suruali. Katika mkoba wa mama inangoja funguo na kalamu. Vitu hivyo haviulizi cheti.

Kwa hiyo ala iwe ngumu, isiyokunjamana. Ifunike kifyatulio chote. Ibaki wazi mdomo baada ya bastola kutoka, na ishikwe na mshipi usiolegea. Kuirudisha bastola hakuna haraka: kidole nje, shati kando, macho yakitazama. Kuchomoa ndiko kunakoweza kuwa na dharura, kurudisha hakuna. Na ukifika nyumbani itoe pamoja na ala yake, uifungie hivyo hivyo. Usiichezee wala usiwaonyeshe wageni. Kwenye pombe isikaribie. Ndani ya gari isibaki.

Na kuchagua je? Hapa napo watu wananunua kama wanaponunua simu: ndogo zaidi, mpya zaidi. Bastola ndogo sana inafichika, lakini inaruka mkononi na ni ngumu kulenga nayo. Chagua ile ambayo kidole chako kinafika vizuri kwenye kifyatulio, ambayo mkono wako una nguvu ya kuikoki, na ambayo umeshaifyatulia risasi mia kadhaa uwanjani bila kukwama, zikiwemo risasi zile zile utakazobeba.

Tena usinunue toleo 1.0. Sisi tunajua toleo 1.0 ni nini. Januari 2017 jeshi la Marekani lilichagua bastola iliyotokana na SIG Sauer P320. Miezi michache baadaye wajaribu wa nje walionyesha kwamba P320 za kiraia zilizokuwa sokoni zingeweza kufyatuka zikianguka kwa pembe fulani, na Agosti 2017 kampuni ikatangaza kuzirekebisha bure kwa hiari ya mwenye nayo. Hiyo ni kampuni kubwa yenye wahandisi wa kweli. Mbele ya bidhaa ya aina hii, mteja asikubali kuwa mjaribu wa kwanza.

Jeff Cooper, Mmarekani aliyefundisha watu kutumia bastola, aliacha kanuni nne ambazo bado zinafundishwa. Ihesabu kila silaha kuwa ina risasi. Mtutu usielekee kitu usichotaka kukiharibu. Kidole kikae mbali na kifyatulio mpaka umelenga. Ujue unacholenga na kilicho nyuma yake. Sokoni Kongowea jioni, hiyo ya nne peke yake inatosha kumfanya mtu mwenye akili aache pesa ziende. Bastola ni ya kuokoa uhai wakati hakuna mlango mwingine. Mfuko wa pesa si uhai.

Nilimwambia mjomba haya yote. Alinuna. Aliniambia, "Nimekuja kwa kijana wa kisasa, nimepewa mawaidha ya babu." Lakini nilimsindikiza dukani, akanunua ala na mshipi, na kisanduku cha kidole sikukiagiza. Kwa sefu ya vitufe bado tunabishana, na mpaka tumalize anatumia kasha la chuma, ufunguo shingoni mwake.

Na nyinyi wenzangu wa msimbo: mkipewa kazi ya kufuli ya silaha, ulizeni kwanza ni nini kitatokea orodha ikiwa tupu. Kama mteja hawezi kusubiri jibu, ikataeni kazi hiyo. Mimi yangu iliufungua mlango wa ofisi tu, na bado huniamsha usiku.

Ni hayo tu kwa leo. Mwenye hoja tofauti aje nayo, ila asije na tangazo la kampuni.