Madigadi ya Pipa: Kufua na Kupaka Rangi Bodi ya Gari Uani, Kamina

Na Mwana Lomami

Madigadi yakipasuka au mlango ukioza, mwenye gari wa Kamina ana njia mbili: kuagiza kipande Lubumbashi na kukingoja, au kumpa fundi bati akifue uani kwake. Njia ya pili ni kazi ya heshima. Kipande kilichofuliwa vizuri kwa mkono hudumu miaka. Kilicholipuliwa hujitoa aibu msimu wa kwanza wa mvua. Kinachovitofautisha ni yale yaliyofanywa kabla ya kopo la rangi kufunguliwa.

Kamina, mji mkuu wa Haut-Lomami tangu 2015, ni makutano ya reli. Njia ya kampuni ya reli ya BCK, inayopita hapa, ilifika Ilebo, wakati huo Port-Francqui, mwaka 1928, na tawi la Kabalo likaungwa mwaka 1956. Hata hivyo, rangi, thina na bati jipya hutoka mbali, na gharama za safari hubebwa na mnunuzi. Pipa la mafuta la lita 200, kinyume chake, halikosekani. Bati lake lina unene wa kama milimita 1, wakati bodi ya gari dogo huwa na 0.7 hadi 0.8. Ni zito kidogo, lakini halitoboki ovyo kwenye moto wa kuchomelea. Bati la kuezekea lisitumike. Ni jembamba mno, na zinki iliyopakwa juu yake hutoa moshi unaomletea fundi homa na kutetemeka usiku ule ule.

Pipa tupu la petroli ni hatari kuliko lililojaa. Ndani yake umebaki mvuke uliochanganyika na hewa, na cheche moja inatosha kulilipua. Kulisuuza mara moja hakusaidii, maana mabaki hujificha kwenye mishono ya kitako na kutoa mvuke upya bati linapopata moto. Pipa huoshwa kwa maji moto na sabuni, hujazwa maji hadi juu, na kifuniko huanza kukatwa kwa patasi na nyundo maji yakiwa bado ndani, mbali na mbabula, yaani jiko la makaa. Gesi na grainda zingoje hadi bati litandazwe. Mapipa yaliyobeba dawa za mashamba au kemikali za migodini yaachwe kabisa.

Umbo huanzia kwenye kartoni. Hubandikwa juu ya madigadi ya upande mzima, huchorwa, kisha hugeuzwa ili ifae upande wa pili. Kartoni inapochanika, hapo bati litahitaji kutanuliwa. Inapokunjamana, hapo litahitaji kubanwa. Fundi mwangalifu huweka alama zote mbili kabla ya kushika mkasi. Bati hulazwa juu ya mfuko wa mchanga au kigogo kilichochongwa shimo, likapigwa kwa nyundo ya mti kwa mizunguko, pigo likipandana na pigo. Baadaye hulainishwa kwa nyundo bapa, mkono mwingine ukishika kipande kizito cha chuma upande wa ndani. Ukingo hukunjwa kama sentimita 1, na ukiviringishiwa waya wa chuma ndani yake, madigadi hayatetemeki barabarani. Ukaguzi ni wa kiganja: mkono uliofunikwa kitambaa laini, ukitelezeshwa taratibu, hugundua bonde ambalo jicho halijaliona.

Kuchomelea ndiko kunakoharibu kazi nyingi, kwa sababu ya haraka. Bati jembamba huunganishwa kwanza kwa nukta zilizoachana sentimita 2 au 3, moja kichwani, nyingine mkiani, nyingine katikati, kitambaa chenye maji kikiwekwa karibu kunyonya joto. Anayeshona mstari mzima kwa mkupuo hupata bati lililojikunja kama jani kavu, na hakuna nyundo itakayolirudisha lilivyokuwa. Wanaotumia kabidi wakumbuke kwamba asetilini inayotoka mawe yanapokutana na maji haitakiwi kuzidi shinikizo la baa 1.5, wala kupita kwenye bomba la shaba tupu, ambayo hufanya nayo kitu kinacholipuka.

Si kila kipande ni cha kufuliwa nyumbani. Kenya, kwa mfano, ina kiwango cha kitaifa cha ujenzi wa bodi za magari ya abiria, KS 372, kwa kuwa matatu na mabasi yake mengi hujengewa bodi nchini juu ya fremu za malori. Fundi wa uani wa Kamina hana mkaguzi mlangoni, hivyo mpaka auweke mwenyewe. Madigadi, kapo (boneti), ngozi ya mlango na kuta za nyuma za pikapu ni kazi yake halali. Fremu, nguzo za milango na mahali mikanda inapofungwa si kazi yake: huko chuma kimechaguliwa na kukunjwa ili kibebe kishindo cha ajali, na moto hukidhoofisha. Parishoki (bampa) ya bomba la maji nayo, ingawa inapendwa kwa ubavu wake, humvunja miguu anayetembea na kupeleka pigo moja kwa moja kwenye fremu. Katika barabara za baiskeli, pikipiki na watoto wa shule, haifai.

Bati likishakaa sawa, husuguliwa hadi kung'aa na kupakwa praima siku hiyo hiyo, kwani kutu hailali. Matundu madogo ya kutolea maji huachwa chini ya kila mfuko unaoweza kukusanya tope. Mastiki hutumika kusawazisha tu. Ikizidi milimita chache itapasuka, na madigadi yaliyojazwa mastiki kwa kilo ni udanganyifu kwa mteja. Huchanganywa na kigumishi kiasi cha asilimia 2. Husuguliwa kavu, kwa msasa namba 80 kisha 180, maana hunyonya maji na kuyaficha hadi rangi ivimbe. Juu ya praima msasa huwa 320 au 400, na hapo maji yanaruhusiwa. Rangi ya zamani huenda ina risasi, hivyo isisuguliwe kavu mahali watoto wanapocheza.

Kupuliza rangi kunategemea majira. Mvua, zinazoanza karibu na Oktoba hadi Aprili, hujaza hewa unyevu, na rangi ya selulosi ikipulizwa hubaki na ukungu mweupe. Kiangazi huleta vumbi. Wakati mzuri ni asubuhi ya kiangazi, baridi ikishapungua na upepo haujaamka, udongo wa uani ukiwa umenyunyiziwa maji. Tangi la kompresa humwagwa maji kabla ya kuanza. Kompresa ya friji, inayotumiwa na wasio na nyingine, husukuma mafuta pamoja na hewa, na kila tone la mafuta hufungua kijishimo kwenye rangi. Bila kichujio haifai kwa rangi ya mwisho.

Jambo zito kuliko yote ni mapafu. Rangi za makopo mawili, rangi na kigumishi chake, hung'aa na kukaza kuliko nyingine, lakini kigumishi chake kwa kawaida kina aisosianeti, mojawapo ya visababishi vikuu vya pumu ya kazini duniani. Mwili ukishaikataa, hata harufu ndogo miaka ya baadaye yaweza kumziba mtu pumzi. Barakoa ya kitambaa haizuii ukungu huo. Kinga yake ni kofia inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka mbali. Asiye na kofia hiyo asipulize rangi hiyo uani ambako mama anapika na watoto wanalala, hata mteja akiongeza pesa. Rangi ya kopo moja, ya alkidi au selulosi, pamoja na barakoa yenye kichujio cha mkaa, ndiyo chaguo sahihi la nyumbani. Moto wowote uwe umezimwa, maana mvuke wa thina hutambaa chini hadi kwenye makaa.

Rangi ya gari huandikwa kwa namba kwenye kibati chake. Nyeupe ya Toyota iliyozoeleka, kwa mfano, ni 040. Nyeupe kama hiyo husamehe mkono unaojifunza. Zenye chembe za metali hubadilika sura kwa pembe na kasi ya pistoli ya kupulizia, na kipande kimoja hakitafanana na mwili wa gari kirahisi. Pistoli hushikwa sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye bati, hutembea kabla ya kubonyezwa, na kila mstari hufunika nusu ya uliotangulia. Matabaka matatu mepesi, dakika 10 hadi 15 kati yake, ni bora kuliko moja zito linalochuruzika. Rangi ya alkidi huonekana imekauka kesho yake, lakini ndani bado ni laini: sabuni isiiguse kabla ya wiki moja, wala nta kabla ya mwezi mmoja.