Shosho hajapoteza akili, zimeni redio

Kuna tabia tunayo sisi vijana wa mtaa na haifai. Mathe akikuuliza mara ya tatu vile pesa hutumwa kwa M-Pesa, unavuta pumzi, unamnyang'anya simu: "Lete nifanye." Halafu unawaambia mabeshte ati kichwa chake siku hizi kimeisha.

Hakijaisha. Ubongo una mahali pa kushikilia kitu kwa muda mfupi huku ukikitumia: nambari uliyotajiwa, bei, PIN. Wataalamu huiita kumbukumbu ya kazi. Ni ndogo kwa kila mtu, hata wewe wa miaka 22. Hubeba vitu kama vinne hivi kwa mpigo. (Chuo niliacha, lakini kusoma sikuacha.)

Mwaka 2005, Adam Gazzaley na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walitoa utafiti ambao ungefaa kubandikwa kila sebule. Waliwaonyesha vijana na wazee picha za nyuso na za mandhari zikiwa zimechanganywa. Wakiambiwa wakumbuke nyuso, wapuuze mandhari. Mashine ya kupiga picha ubongo ilionyesha wazee wanakazia macho kinachotakiwa sawasawa na vijana. Shida ilikuwa kupuuza: kile walichoambiwa waache nacho kiliingia, kikajaza nafasi. Na si wazee wote. Waliokumbuka vizuri walikuwa bado wanaweza kuzuia.

Sasa fikiria unavyomfundisha. Runinga inapiga kelele, watoto wanakimbizana, WhatsApp inalia, nawe unamwaga hatua sita kwa pumzi moja. Wewe hizo kelele unazifungia nje bila hata kujua. Yeye zinamwingilia zote.

Wanaojua jambo hili kutushinda ni wakora wa simu. Meseji feki inaingia, na kabla shosho hajaisoma, simu inalia: "Mama nimekosea kutuma, ni pesa za hospitali, nirudishie haraka!" Anataka kuangalia salio lakini jamaa hanyamazi, na huko nyuma kuna mwingine analia. Kelele ndiyo silaha yenyewe. Kwa hivyo kumwambia "kuwa makini" hakusaidii kitu, maana unamdai kile kile anachoibiwa. Mpe sheria moja tu: mtu usiyemjua akitaja pesa, kata simu. Salio ataangalia baadaye, kukiwa kimya.

Na hizi kaunta za benki na hospitali jamani! Runinga juu, nambari zinaitwa kwa spika, askari anapaaza sauti, kisha mhudumu anamshangaa mzee aliyesahau alichoambiwa dirisha la kwanza. Muandikieni kwa karatasi. Ni kalamu tu.

Bila shaka kuna usahaulifu wa aina nyingine. Mzazi akianza kupotea njia ya kwake, au kusahau majina ya watoto wake, hiyo mpeleke kwa daktari, usingoje.

Lakini kama ni M-Pesa tu, ukienda nyumbani zima runinga. Mwache ashike simu mwenyewe. Mwambie hatua moja, ngoja abonyeze, ndipo umpe nyingine. Na yako iweke kimya kabisa, kwa sababu ikilia katikati, wewe utarudi ulipokuwa na yeye ataanza upya.