Kamba ni Yako, Kivuli ni Haki Yake



Ndugu wazazi, na nyinyi wanafunzi wetu, leo tunazungumzia jambo ambalo wengi wetu hapa Gisenyi tunalipita kila siku bila kuligeukia. Mbuzi amefungwa kwenye kigingi saa saba mchana, hana mti wala ukuta wa kujibanza. Sungura wa watoto wamo ndani ya kibanda cha waya kilichowekwa juani. Mbwa wa ulinzi yuko kwenye mnyororo mfupi kando ya mabati yanayochoma mkono. Wenye wanyama hao ni watu wanaoswali swala tano. Sisi tunasema wazi: hiyo ni dhulma, na kuizoea hakuifanyi kuwa halali.

Hoja ya kwanza tunayoisikia ni kwamba Gisenyi haina jua kali, kuna upepo wa ziwa. Upepo huo ndio unaotudanganya! Kinachounguza ngozi si joto, bali ni mionzi ya jua isiyoonekana kwa macho, na upepo hauizuii. Wingu jepesi nalo linaipitisha. Mji wetu uko chini ya nyuzi 2 kusini mwa Ikweta, na maji ya Kivu yenyewe yako karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Kila mtu anapopanda mita 1,000, mionzi hiyo huongezeka kwa takriban asilimia 10. Kisha kuanzia Juni hadi Agosti mvua hukatika na mawingu hupungua. Mtu anajisikia baridi kidogo, kumbe ngozi inaungua.

Hoja ya pili: mnyama ana manyoya, Mungu amemuumba hivyo. Ni kweli, Allah (s.w.t.) amemuumba na manyoya. Lakini pia amemuumba na miguu ya kukimbilia kivulini, na wewe ndiye uliyeifunga hiyo miguu. Tena manyoya hayafuniki kila mahali. Paka mweupe huungua ncha za masikio na pua, na jua la miaka mingi linaweza kumletea saratani pale pale. Ng'ombe wa kisasa mwenye mabaka meupe, kama wale ambao familia nyingi wamepata tangu mpango wa Girinka ulipoanza mwaka 2006, huungua kwenye kiwele, puani na kuzunguka macho. Mnyama aliyekula lantana, kile kichaka chenye maua madogo ya rangi mchanganyiko ambacho wengine hukiacha kiwe uzio, huharibika ini, na baada ya hapo jua humbabua ngozi kama maji ya moto. Sungura ndiye dhaifu zaidi: hatoi jasho la kumpoza, na joto linaweza kumuua mchana mmoja.

Sasa tuitazame dini yetu. Sote tunawasomesha watoto habari ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka, iliyopokelewa na Bukhari na Muslim. Hebu tuizingatie vizuri. Kosa lake lilikuwa kumfungia paka, hakumlisha, wala hakumwacha ajitafutie wadudu wa ardhini. Basi anayemfunga mbuzi juani, hakumpa kivuli wala hakumwacha akitafute, ana tofauti gani na yule mwanamke? Ukimfunga mnyama, kila alichokuwa akijitafutia mwenyewe kinakuwa juu yako: chakula, maji na kivuli. Hiyo si sadaka ya kufanya ukipenda, ni deni.

Na kivuli si kitu kidogo. Katika Surat an-Nahl, aya ya 81, Allah anakitaja miongoni mwa neema Alizotupa. Katika Surat al-Qasas, Nabii Musa (a.s.) alifika Madyan akiwa mgeni aliyekimbia Misri. Aliwanywesha kwanza mifugo ya wale mabinti wawili, na baada ya hapo ndipo akaenda kivulini. Sisi tunafanya kinyume: tunakaa barazani na soda baridi, na mbuzi anatutazama kutoka juani.

Wapo wanaosema: huyu atachinjwa kesho, ya nini kumhangaikia? Miaka ya karibuni Idd el-Adh'ha imeangukia mwanzo wa kiangazi, 28 Juni mwaka 2023, 16 Juni mwaka 2024 na 6 Juni mwaka 2025, na wanyama wa udhhiya hufungwa siku mbili tatu wakingoja. Mtume (s.a.w.) alimkemea mtu aliyenoa kisu mbele ya mnyama. Kama kumwonyesha kisu tu kulimchukiza, je, kumchoma jua siku mbili? Ibada haianzi kisu kinapogusa shingo.

Na wasiseme ni gharama. Turubai kuukuu, majani ya migomba juu ya miti minne, au kuhamisha kigingi upande wa pili wa nyumba, vyote havimshindi mtu. Kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa mnyama awe kivulini, na maji yawe karibu naye. Kumbukeni kivuli huhama. Cha asubuhi hakipo adhuhuri. Mng'oe lantana mahali mnapolishia. Mkiona ngozi nyekundu, inayobanduka, au masikio yenye magamba yasiyopona, mwondoeni mnyama juani na mwiteni daktari wa mifugo. Msimpake paka mafuta ya jua ya binadamu, kwani hujilamba, na baadhi yake yana zinki au dawa za jamii ya aspirini zinazomdhuru.

Wazazi, kazi hii wapeni watoto: kabla ya kutawadha kwa Adhuhuri, mtoto apite kwanza kwenye kila kamba ya nyumbani aone kivuli kimefika wapi. Atakayezoea hivyo hatahitaji kuhubiriwa akiwa mkubwa.

Wabillahi tawfiq.