Mkataba Ukiisha, Wito Haujaisha

Tangu serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje mwezi Januari 2025, miradi mingi ya afya na huduma za jamii nchini imefungwa au kupunguzwa. Nasi tunapokwenda likizo Musoma, Bunda na Butiama tunakutana na waliokuwa wakuu wa miradi ya namna hiyo. Watu walioongoza wenzao miaka mingi leo wanakaa benchi la nyuma kanisani na kutoka kabla ya matangazo, wakiogopa swali moja tu: "Siku hizi upo wapi?"

Swali hilo linauma kwa sababu sisi waamini tumezoea kumheshimu mtu kwa gari analoshuka na kiasi anachoahidi kwenye harambee. Gari likirudishwa ofisini, tunasema ameishiwa. Tunaona hilo ni kosa la imani kabla ya kuwa suala la uchumi. Cheo ni dhamana, na dhamana hurudishwa. Wito wa kumtumikia jirani tuliupokea kwenye ubatizo, wala mfadhili hawezi kuufuta.

Mkoa wetu unamkumbuka Mwalimu Nyerere aliyeng'atuka urais mwaka 1985 akarudi Butiama kulima. Mtu atajibu, tena kwa haki, kwamba Rais mstaafu ana pensheni na jina. Basi tumtazame mwaka 1955. Alikuwa na shahada ya Edinburgh, mwalimu wa Pugu na Rais wa TANU. Alipotakiwa kuchagua kati ya ualimu na siasa, aliacha kazi, akarudi nyumbani bila mshahara, akiwa na familia changa. Kwa miezi kadhaa alijikimu kwa kumfundisha Kizanaki padre mmoja wa Shirika la Maryknoll na kumsaidia kazi ya kutafsiri.

Kwa macho ya mtaani, msomi yule alikuwa ameporomoka. Kumbe ualimu wake ulikuwa uleule, umebadilisha darasa tu. Musa naye aliitwa na Mungu akiwa anachunga mifugo ya mkwewe, baada ya kuyaacha majumba ya Farao.

Tunavutiwa pia na padre yule. Hakumpa Mwalimu pole na sadaka; alimpa kazi, akamlipa. Hapa parokia zetu zina la kujifunza. Anayejua kuandaa bajeti, kuandika andiko la mradi na kusimamia wafanyakazi anahitajika kwenye kamati ya Caritas, kwenye shule zetu na kwenye VICOBA vya akina mama. Lakini kujitolea hakulipi ada za watoto. Parokia inayoweza kulipa, hata kidogo, ilipe. Naye ndugu yetu akubali kuanza chini, pengine akiongozwa na kijana aliyewahi kumwajiri.

Sisi tunaojiandaa kwa upadre tusidhani jambo hili ni la walei peke yao. Siku moja barua ya uhamisho itatutoa kwenye parokia kubwa na kutupeleka kigangoni. Tusipojifunza sasa kutofautisha utume na kiti, tutakuja kukwepa benchi la mbele sisi wenyewe.

Jumapili ijayo, tukimwona yule ndugu akitoka mapema, tumwahi mlangoni. Tuache kumuuliza yupo wapi. Tumwambie tuna kazi, na tunamhitaji.