Jino la Kupandikiza na Pengo la Mkonze

Mzee wa Kigogo wa karne ya kumi na tisa aliyekosa meno mawili ya mbele ya taya la chini hakuwa mgonjwa. Msafiri Richard Burton, aliyepita Ugogo mwaka 1857, aliandika kuwa pengo hilo lilikuwa alama ya kabila. Pengo linaloonekana leo katika kata ya Mkonze, kama kwingineko katika Jiji la Dodoma, aghalabu lina asili nyingine: jino limeoza, limeuma, limeng'olewa. Mgonjwa hufika kwa daktari siku maumivu yanapomnyima usingizi, na kwa wakati huo koleo huwa ndiyo tiba pekee iliyo karibu.

Wenye uwezo sasa huambiwa kwamba pengo lao lazibika kwa jino la kupandikiza. Hayo ni kweli, na historia ya jambo lenyewe yastahili kujulikana. Mwaka 1952 mtafiti wa Sweden, Per-Ingvar Brånemark, ambaye hata hakuwa daktari wa meno, alikuwa akichunguza mwendo wa damu ndani ya mifupa ya sungura kwa kifaa cha titaniamu. Kazi ilipokwisha, kifaa kilikataa kutoka, kwa kuwa mfupa ulikwisha kukishika. Mwaka 1965 alimpandikizia mtu wa kwanza, Gösta Larsson, na mapandikizi hayo yalimtumikia hadi alipofariki mwaka 2006. Hata hivyo wataalamu wengi wa meno hawakusadiki mpaka mkutano uliofanyika Toronto mwaka 1982.

Siri iko katika metali yenyewe. Titaniamu hujifunika tabaka jembamba mno la oksidi ambalo mwili haulikatai, na mfupa hukua hadi kuigusa skrubu na kuikaza. Kwa kawaida miezi mitatu hadi sita hupita kabla ya jino lenyewe kuwekwa juu yake. Meno ya jirani hayachongwi, na mfupa hausinyai kama unavyosinyaa chini ya meno bandia ya kuvaa na kuvua. Mlenda hautaki meno, lakini karanga na nyama ya kuchoma zayataka, na atafunaye kwa jino lililoshikwa na mfupa hutafuna kwa nguvu asizozipata mwenye meno bandia ya kawaida.

Lakini skrubu hiyo, pamoja na vipuri vyake vyote, huagizwa kutoka nje. Yahitaji picha ya eksirei, mfupa wa kutosha, fundi wa meno stadi, na mgonjwa awezaye kurudi kliniki mara kwa mara. Ufizi unaoizunguka huweza kuugua na mfupa ukaliwa hadi skrubu ikalegea, hasa kwa mvutaji wa sigara au mwenye kisukari kisichodhibitiwa. Mkulima wa uwele hawezi kuyabeba hayo yote, na kumwambia kwamba tiba ipo bila kumwambia masharti yake si haki.

Jambo la kushangaza ni kwamba Tanzania yenyewe ilikwisha kuupa ulimwengu jibu la awali zaidi. Katikati ya miaka ya 1980, Jo Frencken na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianzisha mbinu ya kutibu jino lililooza kwa vifaa vya mkono tu. Sehemu laini iliyooza hukwanguliwa, na shimo huzibwa kwa simenti ya ayonoma. Mashine ya kutoboa haihitajiki, wala umeme, na mara nyingi hata sindano ya ganzi. Shirika la Afya Duniani liliitangaza mbinu hiyo mwaka 1994, na mwaka 2021 liliiingiza simenti hiyo katika orodha yake ya dawa muhimu. Mbinu iliyozaliwa nchini isiyokutwa katika zahanati ya kijiji ni aibu kubwa kuliko ukosefu wa titaniamu.

Kuna pia mapengo ambayo hayakusababishwa na kuoza. Katika sehemu kadhaa za Tanzania, mtoto mchanga mwenye homa au kuhara hudaiwa kuwa na "meno ya plastiki", na vichipukizi vya chonge zake hufukuliwa kwa chombo kisicho safi. Wengine hupata maambukizo, na wengine hufa. Anayepona huenda akakosa chonge za ukubwani au akazipata zikiwa na kasoro. Mtoto huyo hawezi kusaidiwa na pandikizi hadi taya lake limalize kukua, kwa maana skrubu iliyoshikwa na mfupa haisogei pamoja na meno mengine. Ingebaki chini huku yale yakipanda.

Hospitali za rufaa za Dodoma hazina budi kuwa na wataalamu wa mapandikizi, kwa ajili ya aliyekatwa taya kutokana na uvimbe, au aliyevunjwa meno katika ajali ya bodaboda. Lakini gego lenye shimo dogo halikuumbwa ili ling'olewe, kisha liuzwe upya kwa mwenyewe kwa bei ya titaniamu. Kabla ya kukubali koleo, mgonjwa wa Mkonze ana haki ya kuuliza kama jino lake bado lazibika, na daktari ana wajibu wa kumjibu kwa ukweli.