Mcheza Kwao Hakutuzwa

Zikitajwa hazina za kale za Misri, majina yavumayo ni ya Wazungu. Wachache wamjua Ahmed Kamal, Mmisri Mwislamu aliyejifunza kuyasoma maandishi ya Mafirauni wakati Idara ya Mambo ya Kale nchini mwake ikiongozwa na Wafaransa. Alitunga kamusi ya mabuku 22, akiilinganisha lugha ile na Kiarabu. Alifariki mwaka 1923, kamusi haijapigwa chapa. Mkuu wa Idara alipomwambia kwamba Wamisri wayajalio mambo hayo ni wachache, Kamal alimwuliza: katika miaka 65 ya uongozi wenu, mmetupa nafasi gani? Swali hilo latuhusu sisi pia. Kabla hatujawalaumu vijana wetu kwa kutojali historia ya kwao, tujiulize tumewafundisha nini.